Matanga ya Mzee Punda Milia

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi zile Pimbi alijifunga kanga na Fisi alivaa kofia ya askari, wanyama wa kilimani walitawaliwa na Kiboko. Hakuwa mwenyeji. Alitoka mtoni na meno yake marefu, akajenga nyumba kileleni ili awaone wote, kisha akawaita mkutanoni.

"Mimi ndiye Bwana wenu!" akatangaza. "Lakini msiogope. Mila zenu nitaziheshimu zote. Naapa!"

Wanyama wakapiga makofi, pa! pa! pa! Maskini, walidhani mambo si mabaya.

Kumbe ngozi ya Kiboko haivumilii jua. Kila asubuhi lazima ashuke mtoni kuoga, na kutembea hataki. Akaagiza machela, kile kitanda cha kamba kinachobebwa mabegani kwa miti miwili. Wabebaji wanne mbele, wanne nyuma, hee! hoo! kushuka na kupanda, miaka mitatu mizima. Nyayo zake zikawa laini kama za mtoto mchanga.

Mmoja wa wabebaji alikuwa Mzee Punda Milia. Huyo ndiye aliyemlea Pimbi baada ya mama yake kufa. Mvua ikinyesha, Pimbi mdogo alijibanza katikati ya masikio yake, na Mzee akitembea taratibu asimwangushe. Sasa Pimbi alikuwa mtu mzima, na kila jioni alimkanda Mzee mabega.

"Babu, mwambie Bwana umechoka."

"Nimemwambia, mjukuu wangu. Kasema yeye si mzito, kilima ndicho kirefu."

Wakacheka wote wawili, ingawa hakuna aliyekuwa na furaha.

Asubuhi moja, wakipanda kutoka mtoni, puu! Mzee Punda Milia akaanguka. Hakuinuka tena. Pimbi akaja mbio, akamkumbatia shingo, akamwita, "Babu! Babu!" Wapi!

Kiboko hakushuka hata kwenye machela. "Jua linaniunguza!" akafoka. "Tafuteni mwingine upesi. Yule Swala pale, ana mabega mazuri."

Bi Swala alikuwa na mimba ya siku za mwisho. Akashika tumbo, akarudi nyuma hatua moja.

"Bwana," Pimbi akasema huku machozi yakimtiririka, "tumefiwa. Mila yetu ni kukaa matanga."

Kiboko akakunja uso. Ameapa mbele ya watu, atasemaje? "Haya. Nifikisheni nyumbani, mniachie mitungi ya maji, kisha mkae siku zenu tatu. Siku ya nne, Swala abebe!"

Mila ya kilima ilikuwa hivi: penye msiba hakuna kazi. Majirani hutandika mikeka, hukaa na wafiwa, hupika uji. Siku ya tatu mfiwa mkuu husimama na kusema, "Jamani, tumeanua tanga." Hapo ndipo kila mtu hurudi shambani kwake. Na asiposema yeye, hasemi mwingine. Safari hii mfiwa mkuu alikuwa Pimbi.

Wakamzika Mzee pale pale alipoanguka, katikati ya mteremko, wakatandika mikeka, wakakaa. Siku ya tatu ikafika. Wote wakamtazama Pimbi. Pimbi akamtazama Bi Swala, aliyekuwa akilipapasa tumbo lake polepole kama anayeaga. Moyo ukamuuma. Akanyamaza kimya, akamimina uji.

Nyati akamsogelea. "Dada," akanong'ona, "tumpige tu. Pembe ninazo."

"Unazo, kaka. Na yeye ana meno, na watoto wetu ndio watakaokanyagwa. Kaa."

"Tukae tu?"

"Tukae tu. Uji upo."

Siku ya nne akaja Fisi na mjeledi. "Ondokeni! Bwana anataka machela!"

"Tanga halijaanuliwa," akajibu Nyati.

Chapa! Chapa! Mgongo wa Nyati ukafura. Nyati akamtazama Pimbi, akabaki ameketi. Pimbi akapita chini ya mjeledi, ufupi nao una faida zake, akamnyooshea Fisi bakuli.

"Mwanangu, umefika msibani hata pole hujatoa. Ulipovunjika mguu, nani alikubeba hadi kwa mganga?"

Fisi akalitazama bakuli. "Mzee Punda Milia," akasema kwa sauti ya chini.

"Basi huu si msiba wako pia?"

Fisi akavua kofia, akaketi mkekani, akalia. Mnajua kilio cha Fisi kinavyofanana na kicheko. Siku ile hakuna aliyekosea.

Siku ya tano, kelele kutoka kileleni: "Machela!" Kimya. Siku ya sita: "Maji! Leteni hata ndoo moja!" Kimya. Ngozi ya Bwana ikaanza kupasuka.

Siku ya saba wakasikia, "Aii! Uwii! Mawe haya!" Kiboko huyo, anashuka peke yake, anachechemea, anapuliza nyayo. Akafika mikekani akihema.

"Pimbi! Anua tanga sasa hivi!"

"Mfiwa haharakishwi, Bwana. Uliapa mwenyewe."

"Nitakufunga!"

"Nifunge. Nikiwa kifungoni, nani ataanua tanga?"

"Fisi, mkamate!"

"Samahani, Bwana," Fisi akasema akifuta pua. "Nipo msibani."

Kiboko akawatazama wabebaji mmoja mmoja. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyeinuka. Sauti yake ikanywea. "Sasa mimi mtoni nitafikaje?"

Pimbi alikuwa amemwekea maneno makali kwa siku saba. Alipoziona nyayo zile zinavuja damu, akamwonea huruma, maneno yakamtoka kichwani.

"Kutoka kileleni hadi hapa, umekuja na nini?"

"Na miguu yangu."

"Basi hapa ni nusu ya njia, Bwana. Iliyobaki nayo ni mteremko."

Kwa mara ya kwanza tangu awatawale, Kiboko akainamisha kichwa. "Poleni," akasema.

"Tumeshapoa," wakamjibu wote, kwa maana ndivyo mtu anavyojibiwa.

Akashuka, pole pole, aii, uwii, hadi mtoni. Chubwi! Wala hakurudi kileleni. Mpaka leo mchana wa jua kali mtamkuta majini, masikio tu juu.

Pimbi akasimama. "Jamani," akasema, "tumeanua tanga." Kisha akakaa tena, akamlilia babu yake kilio ambacho hakuwa amepata nafasi ya kukilia, na Bi Swala akamlaza kichwa mapajani.

Nami mzigo wangu nautua hapa, wanangu, na funzo lake ni hili: anayetutawala kwa nguvu hana mabega ila yetu, na siku tukikaa chini atatembea mwenyewe.