Boriti Sitini za Ngwali Muuza Kahawa

Hapo zamani, katika mji mmoja wa nyumba za mawe na chokaa, alitawala Sultani aliyeitwa Shibani, mtu mwerevu, mpenda mzaha, na mpenda mali kuliko mzaha. Yeye ndiye aliyetunga sheria ya ghala, kwamba mtu akiacha mzigo wake ndani ya jengo la mwenziwe zaidi ya siku tatu, atamlipa mwenye jengo reale moja kila mwezi kwa kila mzigo, uwe mkubwa au mdogo. Na kwa kuwa maghala mengi ya mji yalikuwa yake, sheria hiyo ilimpendeza mno.

Ubavuni mwa jumba lake palikuwa na nyumba ndogo ya vyumba vitatu vilivyofuatana. Humo walikaa Ngwali muuza kahawa na mkewe Mwanamvua. Nyumba aliijenga babake Mwanamvua kwa mikono yake, na Mwanamvua mwenyewe alizaliwa katika chumba cha kati. Sultani alikuwa akiitamani siku nyingi, maana alitaka kiwanja kile ajenge banda la farasi.

Ikawa mwaka mmoja masika yalishuka kwa nguvu, dari lote likaporomoka. Ngwali hakuwa na kitu ila dele lake la kahawa na vikombe sita. Basi akaenda kwa Sultani akapewa reale sitini, akaezeka upya kwa boriti sitini za mkoko, ishirini kila chumba. Na kila boriti, pamoja na chokaa yake na ujira wa fundi, ilisimama kwa reale moja.

Na kwa kuwa riba ni haramu, Kadhi Muhidini aliandika mambo hayo kwa desturi ya bei ya khiyari. Nyumba ilihesabiwa kuwa imeuzwa kwa Sultani kwa reale sitini, na Ngwali akabaki humo mpangaji, mwenye haki ya kuikomboa kwa bei ile ile. Kila mwezi atatoa reale moja. Mwanzoni sehemu tisa katika kumi za reale hiyo zitakuwa kodi, na sehemu moja tu itapunguza bei. Kisha kadiri bei inavyopungua, kodi nayo itapungua.

"Na isipungue hata pesa moja," alisema Sultani. "Akikosa mwezi mmoja, haki yake imekwisha."

Kadhi akapiga hesabu, akasema kazi hiyo itachukua karibu miaka kumi na mitatu. Sultani akajilaza juu ya mito yake, ameridhika. Katika miaka kumi na mitatu, muuza kahawa hakosi kuugua mwezi mmoja.

Ngwali alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu asiyeelewa vizuri. "Maulana, isipungue nimesikia. Je, ikizidi?"

"Ikizidi nitaipokea kwa mikono miwili."

"Nayo itakuwa kodi?"

"Kodi ina kiwango chake," alijibu Kadhi. "Iliyozidi itaingia kwenye bei."

"Basi na hilo liandikwe, Sheikh wangu, maana mimi ni msahaulifu."

Wakaliandika, huku watu wa baraza wakikonyezana. Nani amemwona maskini anayepanga kulipa zaidi ya anachodaiwa?

Kuanzia siku ya pili yake Ngwali akazua kioja. Kila asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, aliketi kizingitini mwake, akajimiminia kikombe cha kahawa, akanywa polepole, kisha akatoa pesa moja mfukoni na kujilipa. Pesa hiyo aliitia katika kifuu cha nazi. Majirani wakawa wanakuja kutazama.

"Ngwali, unajiuzia kahawa?"

"Nifanyeje? Mimi ni mteja kama ninyi."

"Leo jikopeshe, utajilipa kesho."

"Namjua huyu," alisema Ngwali akijigusa kifua. "Ukimkopesha humpati tena."

Mwanamvua alicheka nao, lakini kifuu alikificha mahali anapopajua yeye. Na kila mwezi ukiandama kilitoka na robo reale. Ngwali akapeleka reale moja na robo, na Kadhi akaandika.

Mwezi wa tatu Ngwali alibaki amesimama mbele ya Sultani.

"Una nini tena?" akaulizwa.

"Maulana, bei imepungua reale moja kamili. Reale moja ni boriti moja. Naomba ile ya kwanza, ya mlangoni, ipigwe muhuri wako, nisije nikaichanganya na zako."

Sultani alicheka mpaka akashika mbavu. Kwa malipo ya kawaida boriti hiyo ingengoja miezi kumi, lakini hilo hakulitazama. Alitazama mzaha tu. Akamtuma karani na muhuri na wino mwekundu, boriti ikapigwa alama mbele ya Kadhi, nayo ikaandikwa katika daftari kuwa ni mali ya Ngwali.

Tangu hapo ikawa mchezo wa baraza. Ngwali akipita na dele lake, Sultani humwita: "Muuza kahawa, boriti zako hazijambo?"

"Hazijambo, Maulana. Zinazisalimu zako."

Mwaka wa nne mvua ikatoboa chokaa, na Ngwali akaja barazani ameloa. "Maulana, chumba cha kwanza ni changu, nimekiziba. Lakini chumba cha mwisho bado ni chako, nacho kinavuja juu ya kitanda cha mke wangu. Mwenye nyumba ndiye mwenye kuziba."

Sultani akamtazama Kadhi, Kadhi akatazama chini na kusema ndivyo ilivyo. Basi Sultani akatoa fundi na chokaa kwa gharama yake, na siku ile hakucheka sana.

Siku zikaenda, na kila mwaka boriti zilizopigwa muhuri ziliongezeka kwa haraka kuliko mwaka uliopita, maana kodi ilikuwa inakonda na sehemu inayopunguza bei inanenepa. Ngwali aliugua homa mara mbili, na mara zote mbili Mwanamvua alibeba dele mwenyewe, akauza, na jioni akamlipisha mumewe pesa ya kikombe chake palepale kitandani.

Mwaka wa saba ulipokwisha, na miezi miwili juu yake, Ngwali alipeleka malipo ya mwisho. Boriti ya sitini ikapigwa muhuri.

Wakati huo Sultani alikuwa ameletewa farasi wanane kutoka ng'ambo, na mawe ya banda yalikwisha kupangwa nje ya ukuta. Akakasirika. Akafungua ule waraka, akausoma mara mbili, kisha uso ukamkunjuka.

"Ngwali, hesabu yetu ilikuwa miaka kumi na mitatu. Umekaa saba. Ni kweli umenunua boriti, nami sikunyang'anyi hata moja. Lakini umenunua boriti tu. Ile nafasi iliyo katikati ya boriti na boriti hukuinunua, nayo ni yangu. Nilipe kodi yake kwa miaka yote iliyobaki, kwa mkupuo mmoja, reale sabini. La sivyo, baada ya siku tatu utoke, wewe na mkeo."

Kadhi akafumbua kinywa, akatazamwa, akakifumba.

Ngwali alirudi nyumbani. Hakuwa na reale sabini, wala hakumjua mtu wa kumpa. Akamsimulia mkewe. Mwanamvua hakulia. Alitandika mkeka chumba cha kati, akalala chali, akatazama dari.

"Njoo ulale hapa, bwana. Hiyo nafasi anayosema iko wapi?"

Ngwali akalala kando yake. Mchana ule wote wakawa wanahesabu, chumba baada ya chumba, kidole juu.

"Kumi na tisa kila chumba," alisema Mwanamvua. "Mali nyingi hii. Nami miaka yote nafagia utando wa buibui ndani yake, hata shukrani sikupewa."

Ngwali akaketi wima. "Umesemaje?"

"Nimesema natunza mali ya mtu bure."

Siku ya nne, Ijumaa, baraza limejaa, Ngwali akaingia amevaa kanzu yake moja, safi.

"Umeleta reale sabini?" aliuliza Sultani.

"Sikuleta, Maulana. Nimekuja kukuomba uondoe mali yako nyumbani mwangu."

"Mali gani?"

"Nafasi. Kuta ni zangu, boriti ni zangu kwa muhuri wako, na katikati yake umeacha mizigo yako. Nimeihesabu na mke wangu, ni hamsini na saba. Nimefungua milango yote. Tuma wapagazi waje waichukue. Hatutawazuia, tena kahawa watakunywa."

Watu wakaanza kukohoa ndani ya vilemba vyao.

"Nafasi haibebeki," alisema Sultani.

"Mimi nami nilihofia hivyo. Basi itabaki kwangu. Lakini leo ni siku ya nne, Maulana, na mimi ni mtu wa kufuata sheria." Akamgeukia Kadhi. "Sheikh wangu, mzigo ukilala katika jengo la mtu zaidi ya siku tatu, sheria inasemaje?"

Kadhi Muhidini alikuwa amenyamaza kwa siku tatu, na ilikuwa imemchosha. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni: "Reale moja kwa mwezi, kwa kila mzigo, uwe mkubwa au mdogo. Mizigo hamsini na saba, reale hamsini na saba."

"Kwa mwezi," alisema Ngwali kwa upole. "Na Maulana amesema imebaki miaka karibu sita. Sina haraka. Anaweza kunilipa kidogo kidogo, na akizidisha, iliyozidi nitaipokea kwa mikono miwili."

Sultani alimtazama Ngwali, akautazama waraka, akaitazama sheria yake mwenyewe iliyoandikwa ukutani kwa wino wa dhahabu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka, kikubwa kuliko kile cha boriti ya kwanza, mpaka kilemba kikaanguka.

"Kadhi, andika. Nafasi zote hamsini na saba nimempa Ngwali na mkewe, hiba, leo na daima. Naona ni rahisi zaidi kuwahamisha farasi." Akajipangusa macho. "Nawe, omba utakacho."

Ngwali akafikiri. "Miaka saba, Maulana, kila asubuhi nimejinunulia kahawa mwenyewe. Leo natamani mtu aninunulie."

Basi dele likaletwa, Sultani akammiminia kwa mkono wake, akatoa pesa moja. Ngwali alikunywa kikombe mpaka tone la mwisho, akaichukua pesa ile, na kwa mazoea akaipeleka nyumbani. Mwanamvua alikuwa amekaa kizingitini akingoja. Alipomwona usoni alielewa. Akasogea kumpisha, kifuu akakipindua chini, akakikalia.

Farasi walijengewa upande wa pili wa mji. Na waliowahi kuingia katika nyumba ile husema kwamba boriti zake sitini zote zina muhuri mwekundu wa Sultani, na nafasi zake hamsini na saba hazina alama yoyote, ila zimefagiliwa.