Nani Alipie Vyungu vya Digidigi

Hapo zamani, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba zao, mashamba yao na majirani wa kugombana nao, walikuwako wakulima watatu waliotumia mfereji mmoja wa maji. Wa kwanza alikuwa Kiboko, mwenyekiti wa mfereji. Wa pili alikuwa Nyati, mwenye nguvu za jembe kuliko wote. Wa tatu alikuwa Digidigi, yule swala mdogo mwenye miguu kama vijiti na macho makubwa, ambaye hata akisimama wima hakufikii kiunoni.

Wiki nzima walizibua mfereji pamoja. Ijumaa mchana, kazi ikiisha, walikwenda kula kwa Mama Kanga, aliyekuwa na mgahawa wa makuti kando ya njia. Mama Kanga hakupika nyama. Alipika wali wa nazi, mbaazi, ndizi mbichi na maboga ya asali, na harufu ya jiko lake iliwafikia watu wakiwa bado shambani.

Hapo mezani ndipo Kiboko alipogawa zamu za maji za wiki inayofuata. Aliyekuwapo alipata zamu. Asiyekuwapo, mboga zake zilikauka, na hakuna aliyetaka kusikia malalamiko yake. Kwa hiyo Digidigi hakukosa hata Ijumaa moja.

Desturi ya kulipa iliwekwa na Kiboko mwenyewe.

"Sisi ni ndugu wa mfereji mmoja," alisema siku ya kwanza, akijifuta midomo. "Ndugu hawachunguzani sahani. Kila mtu ale anachotaka, kisha tugawe kwa tatu."

Maneno hayo yalikuwa matamu. Nyati aliitikia, na Digidigi pia aliitikia, maana siku ile wote walikuwa wamekula sahani moja moja.

Lakini Ijumaa ya pili Kiboko alikula sinia mbili za wali. Ijumaa ya tatu akala nne, akashushia mtungi mzima wa maji ya ukwaju ya bure, gu, gu, gu, mpaka mtungi ukabaki unalia kwa utupu. Nyati akala tatu. Digidigi alikuwa na kisahani chake cha mchicha na kitonge cha ugali, chakula cha shilingi moja.

Mama Kanga akaja na hesabu. "Shilingi thelathini na sita."

Wakagawa kwa tatu. Digidigi akatoa kumi na mbili.

"Chakula cha leo kilikuwa kizuri," alisema Kiboko.

Digidigi alikuwa akizitazama zile sinia zilizolambwa zikang'aa. Kilichomvuta macho haikuwa njaa. Ulikuwa wivu. Alimwonea Kiboko wivu kwa tumbo lake, kwa sauti yake nzito, kwa jinsi alivyoweza kula cha mwenzake na bado akashukuriwa kwa kukaribisha watu mezani.

Na hakuwa peke yake. Nyati alikuwa amekula cha shilingi kumi na tano na kulipa kumi na mbili, kwa hiyo alipata faida ya shilingi tatu. Angeweza kwenda nyumbani anapiga mluzi. Lakini njiani akakumbuka kwamba Kiboko alikula cha ishirini. Kiboko amepata faida ya nane. Hizo nane za Kiboko zilimuuma Nyati kuliko tatu zake zilivyomfurahisha.

Ijumaa iliyofuata Nyati aliagiza sinia tano. Hakuwa na njaa ya sinia tano. Aliagiza tano kwa sababu Kiboko aliagiza nne. Kiboko akaziona, akaita, "Mama Kanga, niongezee mbili." Nyati akasikia, akaita maboga ya asali. Wakala wakitazamana, kila mmoja jicho liko kwenye sinia ya mwenzake, na chakula kikiingia mdomoni bila kuonjwa. Mama Kanga alikimbia kati ya jiko na meza mpaka pumzi zikamwishia.

Siku hiyo Digidigi alilipa shilingi ishirini.

Nyumbani mke wake alikuwa amekaa mlangoni, mimba yake ikiwa imefika mwezi wa mwisho. Alichukua kibuyu cha akiba, akakitikisa. Zikasikika senti chache tu, che, che.

"Hizi ni pesa za mkunga," alisema. "Umekula nini leo, mume wangu?"

"Mchicha."

"Mchicha wa shilingi ishirini?"

"Kiboko alikula sinia sita."

"Sijauliza Kiboko alikula nini. Nimeuliza wewe."

Digidigi akakaa chini. "Nikisema kila mtu alipe chake, wataniita bahili. Kiboko atasema nimejitenga na kikundi, na zamu za maji anagawa yeye. Nikiacha kwenda, mboga zinakufa. Nikienda, kibuyu kinakauka. Niambie nifanye nini."

Mke wake akakirudisha kibuyu mahali pake.

Basi wivu ukamshauri vibaya. Wiki ile yote, akizibua mfereji, Digidigi alikuwa akijiambia: kama nalipia sinia, na mimi nitakula sinia. Ijumaa ilipofika akaagiza sinia mbili za mbaazi na wali, akazivutia mbele yake. Sinia moja ilikuwa pana kuliko mgongo wake.

Alikula nusu ya sinia ya kwanza, tumbo likawa ngoma. Akaendelea. Alipofika robo ya sinia ya pili macho yalimtoka, akaanguka ubavuni, puu, na Nyati akambeba mpaka nyumbani kama anavyobeba mzigo wa kuni. Na bado walimdai sehemu yake ya malipo.

Alilala siku mbili. Mke wake alimkanda tumbo kwa maji ya moto.

Siku ya tatu akafungua macho. "Mke wangu, kuna jambo nililiona nikiwa nakula."

"Uliona nyota?"

"Niliona jicho la Kiboko. Mimi nilipoagiza sinia mbili, aliacha kutafuna. Ana sinia sita mbele yake, lakini alikuwa anaitazama yangu. Na Nyati vilevile. Nilidhani mwenye wivu pale mezani ni mimi tu. Kumbe anayekula zaidi ndiye mwenye wivu zaidi."

Mke wake akaacha kukanda. "Basi wape kitu cha kuonea wivu," alisema. "Lakini safari hii kisiwe cha kukuua."

Alhamisi Digidigi alikwenda kwa Mama Kanga, akamkuta anachambua mchele.

"Mama, kesho nipikie mchicha wangu wa kila siku. Ila usiniletee kwenye kisahani. Nitilie katika kile chungu kidogo chenye kifuniko, ukifunike na kitambaa chako cha sikukuu. Nikimaliza, niletee kingine. Na kingine tena."

"Mimi sitasema uongo kwenye mgahawa wangu," alisema Mama Kanga.

"Wala sitaki useme uongo. Wakikuuliza ni nini, waambie ni chakula cha Digidigi. Wakikuuliza bei, waambie bei utaitaja wakati wa kulipa, kama kawaida yako."

Mama Kanga aliacha kuchambua mchele. Alikuwa amechoka na meza ile, meza ya kelele na ya kumaliza ndizi zote kabla wateja wengine hawajafika. "Vyungu vitatu?" aliuliza.

"Vitatu."

Ijumaa ikafika. Kiboko aliagiza sinia zake, Nyati akaagiza zake, wakaanza kuvizia kila mmoja sinia za mwenziwe kama kawaida. Ndipo Mama Kanga akatokea jikoni akitembea polepole, amebeba chungu kwa mikono miwili, kitambaa chekundu juu yake. Akakiweka mbele ya Digidigi, akarudi jikoni.

Digidigi aliondoa kitambaa, akakikunja vizuri. Akainua kifuniko kidogo tu, akaingiza pua, akafumba macho. Kisha akageuka upande, akala kidogo kidogo, na kila tonge alilitafuna mpaka mwisho.

Kiboko aliacha kutafuna. "Unakula nini?"

"Chakula, mwenyekiti."

"Naona ni chakula. Chakula gani?"

"Cha kawaida yangu."

Nyati alinyoosha shingo, lakini kifuniko kilikuwa kimesharudi. Akamwita Mama Kanga. "Kile kilichomo kwenye chungu ni nini?"

"Ni chakula cha Digidigi," alijibu Mama Kanga.

"Bei yake?"

"Bei nataja wakati wa kulipa. Wewe ni mteja wangu wa siku zote, unajua." Akaenda, akarudi na chungu cha pili.

Hapo Nyati hakuweza kula tena. Sinia zake zilikuwa zimejaa, na zilikuwa na ladha ya majani makavu. Alikuwa akiona kitambaa chekundu tu. Alijiuliza ni kitu gani hicho kinachopikwa kidogo kidogo hivyo, kinachofunikwa, kinachomfanya mtu afumbe macho. Zafarani? Asali ya nyuki wadogo? Na yeye anakilipia.

"Hebu nionje kidogo," alisema Kiboko, akinyoosha mkono.

Digidigi akakivuta chungu kwake kwa adabu. "Nisamehe, mwenyekiti. Wewe ndiye uliyesema ndugu hawachunguzani sahani. Mimi sijawahi kuomba kuonja wali wako."

Kiboko akarudisha mkono. Jasho lilikuwa linamtoka. Kisha chungu cha tatu kikaja.

Nyati akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mimi silipii vyungu vya mtu. Nasema mapema. Amekaa hapo anakula vitu vya kifalme kwa mfuko wangu."

"Na wa kwangu," alisema Kiboko. "Leo hakuna kugawa kwa tatu. Kila mtu atalipa alichokula."

Digidigi alishusha masikio. "Lakini ndiyo desturi yetu, mwenyekiti. Wiki zote nimelipa sehemu yangu bila kusema neno. Leo nimekula vizuri mara moja, ndipo desturi inavunjwa?"

"Imevunjwa."

"Leo tu, au siku zote?"

"Siku zote," alisema Nyati. "Siwezi kuja hapa kila Ijumaa kulipia vyungu."

"Na Ijumaa ijayo mtu asije kuniambia nimejitenga na kikundi, nikanyimwa zamu ya maji."

"Zamu yako iko palepale," alisema Kiboko kwa haraka, maana alitaka jambo liishe kabla chungu cha nne hakijaja. Akawageukia waliokaa meza za jirani. "Nyote mmesikia. Kila mtu alipe alichokula, na maji hayaguswi."

Watu wa meza za jirani wakasema wamesikia.

"Basi nimekubali," alisema Digidigi kwa sauti ndogo. "Mama Kanga, tuhesabie."

Mama Kanga akaja. "Bwana Kiboko, shilingi thelathini. Bwana Nyati, ishirini na nane. Digidigi, vyungu vitatu vya mchicha. Shilingi tatu."

Nyati akachukua chungu cha tatu, akakifunua. Mlikuwa na majani mawili ya mchicha yaliyobaki, na maji yake.

Wa kwanza kucheka alikuwa mzee mmoja wa meza ya pembeni, kisha mgahawa wote ukacheka, na Mama Kanga akaficha uso kwenye kanga yake.

"Umetudanganya," alisema Kiboko.

"Nimekudanganya neno gani, mwenyekiti? Ulipouliza, nilikwambia ni cha kawaida yangu. Umekiona kila Ijumaa."

Kiboko alilitafuta hilo neno. Hakulipata.

Nyati alikung'uta mfuko wake mpaka senti ya mwisho, ikatosha kwa shida. Kiboko alikuwa amekuja na shilingi ishirini na mbili tu, maana alijua sehemu yake huwa haizidi hapo. Nane zilizopungua akazilipa kwa kumchotea Mama Kanga maji wiki nzima, asubuhi na jioni, na waliopita njiani walimwona.

Kile kibuyu kilianza tena kujaa, na mwezi haukuisha kabla mkunga hajaitwa na kulipwa. Mtoto alikuwa wa kike.

Ijumaa iliyofuata wote watatu walirudi kwa Mama Kanga, kwa sababu zamu za maji zilikuwa bado za kugawa. Kiboko aliagiza sinia moja. Alikaa nayo muda mrefu, akila polepole, na kwa mara ya kwanza alitambua kwamba Mama Kanga hutia iliki kwenye wali. Lakini jicho lilikuwa bado gumu kufundishwa. Kila mara lilikwenda kwenye kisahani cha Digidigi na kurudi.

Digidigi akaliona. Akaisukuma sahani ya mchicha katikati ya meza.

"Karibu, mwenyekiti. Onja."

Kiboko akaonja. Akatafuna, akafikiri.

"Hauna chumvi," alisema.

"Haujawahi kuwa nayo," alisema Digidigi.

Ndivyo ilivyokuwa, wanangu, nami nimeisimulia kama nilivyosimuliwa: mtu akiifurahia sahani yake na kuilipia mwenyewe, sahani ya mwenzake haimnyimi raha.