Mkungu wa Kondo la Nakiete

Sogeeni. Anayejua majibu ya kila kitu afunge mdomo mpaka niulize.

Ndani ya mji wa mimba wa mjukuu wangu Nakiete, aliyekwisha kuharibikiwa na mimba moja, walikuwamo watatu. Mbiu na Chimba walikuwa wa kondo la nyuma, upande wa mtoto. Mbiu alijua kuita, mikono hana. Chimba alikuwa na nguvu za kupasua ukuta, macho hana. Wa tatu, Zuia, alikuwa mwenyeji, wa upande wa mama. Yeye alijua neno moja: basi.

Mtoto, mdogo kuliko punje ya ulezi, alijishikiza ukutani akalia njaa. Mishipa ya damu ya mama ilikuwa ndani zaidi, myembamba kama uzi.

Mbiu akaita, "Chimba, damu iko huku. Pinda kushoto. Umelala?"

Angenyamaza, Chimba angebaki palepale na mtoto angekauka.

Chimba akaingia kwa kichwa. Akaifikia mishipa, akaipanua kama tunavyopanua mifereji ya mashamba wakati wa kiangazi. Damu ikamfikia mtoto. Angekataa kwenda, wito ungekuwa kelele tu.

Lakini akanogewa. "Bado kidogo. Mtoto hajashiba."

Zuia akamkingia njia. "Shemeji, nusu yako imetoka kwa baba wa mtoto. Hapa ni ukweni. Mkwe haingii chumba cha ndani."

"Mtoto ana njaa."

"Na mama ana roho. Ukivuka hapa, siku ya kuzaa kondo halitabanduka, na damu itamtoka mpaka aishe. Basi."

Mbiu akaacha kuita. Chimba akasita, kichwa kimegusa ukuta wa mwisho. Halafu akatulia.

Nakiete akajifungua msichana, kondo likatoka zima. Tulilizika kwenye shina la mgomba. Kwetu, mkungu wa kwanza wa mgomba huo hupewa mmoja tu, aliyeokoa uzazi. Haugawanywi.

Sasa watatu wanagombana.

"Bila mimi, nani angekwenda?" anasema Mbiu.

"Bila mimi, nani angefika?" anasema Chimba.

"Bila mimi," anasema Zuia, "nani angenyonyesha?"

Nakiete ananitazama, mtoto yuko titini. Mimi sisemi. Na mtu asiniambie "wote". Huyo ni mvivu wa kuamua. Mkungu umeshaanza kuiva, na popo hawangoji baraza.

Haya, wewe uliyenyamaza hapo: ungempa nani?