Fumbo la Mfuko wa Sungura

Mwaka ule mvua ilisusa, na katika mbuga nzima Fisi peke yake alikuwa na chakula ghalani. Kila mnunuzi alitakiwa aweke shilingi thelathini, kisha ajibu fumbo. Akikosa, fedha zimeliwa na anarudi na kikapu kitupu. Swala alikosa, akaenda kwa wanawe analia. Simba naye alikosa, lakini kwa kuwa mfalme hakosei, alitangaza kwamba amempa Fisi zawadi.

Watoto wa Sungura walipoanza kutafuna kamba za kitanda, baba yao alitia akiba yake yote, shilingi themanini, mfukoni, akaenda.

"Debe la mahindi na pishi ya kunde ni shilingi thelathini," Fisi akasema. "Bei ya debe ni mara nne ya bei ya pishi. Pishi ni bei gani?"

Wengi walikuwa wakibahatisha. Sungura alichuchumaa, akapanga vijiwe: kimoja cha pishi, vinne vya debe. Vijiwe vitano, shilingi thelathini.

"Pishi sita," akasema, "debe ishirini na nne."

Fisi akampimia huku amenuna.

Sungura angeweza kwenda zake, lakini alimkumbuka Swala, ulimi ukamwasha. Akasema atanunua ghala zima, mradi Fisi naye afumbiwe. Simba akaitwa awe shahidi.

"Chukua shilingi hizi arobaini mkononi mwangu," Sungura akasema, "au zilizobaki mfukoni. Za mfukoni ukizizidisha mara kumi, ukaongeza mia tatu, unapata mia nne. Ukishachagua, ghala ni langu."

Fisi hakusikia ila mia tatu na mia nne. Udenda ukamchuruzika. Sungura akamsihi kwa upole apange vijiwe kwanza. Fisi akajibu kwamba vijiwe ni vya watoto, akaunyakua mfuko na kuukung'uta.

Zikadondoka shilingi kumi.

Fisi akalalama kwamba amepunjwa.

"Umechagua mwenyewe, mbele yangu," Simba akasema, na siku hiyo hakuwa na huruma hata chembe.

Ghala likafunguliwa, Swala akapimiwa wa kwanza. Jioni kila nyumba ilifuka moshi wa jikoni. Fisi alilala na shilingi zake kumi, na shilingi hazitafuniki.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu.