Makala Aliyoyasifu Mama Nukta

Katika ofisi ya jarida moja la mtandaoni, vyumba viwili tu juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kulikuwa na desturi iliyopendwa na wote. Mwaka ulipokaribia kwisha, kila mfanyakazi alichagua makala aliyoyapenda kuliko mengine, yasiwe yake mwenyewe, akaandika aya fupi ya kuwashawishi wasomaji wayasome.

Hakuna aliyeandika aya hizo kwa wepesi kama msahihishaji wa jarida, mwanamke wa makamo waliyemwita Mama Nukta kwa sababu hakuiachia sentensi ipite bila nukta yake. Sifa alikuwa nazo tayari, kama unga uliokwisha kukandwa: “yanagusa moyo”, “yameandikwa kwa ustadi”, “usiyakose”. Tena tuseme kweli: mwaka uliotangulia alisifu makala ambayo hakuyasoma kupita kichwa chake. Ulimi hauna mfupa, na vidole vyake, ijapokuwa vina mifupa, vilikuwa vimeiga tabia ya ulimi.

Mwaka huu, hata hivyo, alikuwa na jeraha. Baba yake aliugua, madaktari wakasema hawana la kuongeza, naye akamchukua nyumbani kwake amuuguze. Kaka yake mkubwa, fundi wa magari, alikuwa akipita kila jioni kumjulia hali mzee, mikono ingali inanuka oili. Jioni moja alilikuta bakuli la uji limewekwa pembeni, limejaa vilevile.

“Mbona hajala?” aliuliza.

“Hataki, kaka. Nimeacha kumlazimisha.”

“Umeacha? Mzee anakufa njaa mbele ya macho yako, na wewe umekaa tu?”

“Si njaa, kaka. Nimesoma kwamba...”

“Umesoma! Umesoma wapi, kwenye hilo jarida lenu? Si wewe mwenyewe uliyeniambia kwamba mnasifia hata msivyovisoma?”

Mama Nukta alichukua ndoo, akatoka kwenda kuchota maji. Alikuwa amelisema kweli, tena akicheka. Mzee alifariki wiki ileile, na tangu siku ya mazishi kaka hakupokea simu ya dada yake. Walikuwa wawili tu kwa mama yao, chanda na pete tangu utotoni. Kumlilia baba aliyezikwa kulikuwa na mwisho wake; kumlilia ndugu aliye hai na asiyetaka kukuona kulimla kila siku.

Desturi ilipowadia, alichagua makala ya muuguzi mmoja mstaafu, yaliyohusu namna ya kukaa na mgonjwa katika siku zake za mwisho. Mhariri mkuu, kijana mpole mwenye miwani mizito, alikuna kichwa.

“Mama, haya yalisomwa na watu wachache kuliko yote tuliyochapisha. Mwisho wa mwaka watu wanataka kucheka. Nani atafungua habari za kufa?”

“Mwenye mgonjwa ndani.”

Kijana akaisoma aya aliyoiandika Mama Nukta. Yanagusa moyo. Yameandikwa kwa ustadi. Usiyakose. Akamrudishia.

“Maneno haya haya uliyaandika mwaka jana kuhusu makala ya kupanga kabati. Samahani, mama yangu, lakini kama unayapenda kweli, sema yalikufanyia nini. La sivyo, chagua mengine.”

Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa ya haki. Akarudi mezani kwake, akakaa mbele ya kompyuta bila kubonyeza herufi. Kuyasema yaliyotokea kulikuwa sawa na kukiri mbele ya ukoo mzima kwamba aliacha kumlisha baba yake. Kaka akiyaona, huenda mlango uliokuwa umefungwa ukapigiliwa misumari pia. Lakini asipoyasema, makala hayo yangezama, na binti mwingine mahali fulani angekaa kando ya kitanda na kijiko mkononi. Akafuta yote, akaanza upya:

“Nilimlisha baba yangu kwa nguvu. Nilimshika kidevu nikamtia uji kijiko baada ya kijiko, kwa kuwa nilidhani upendo ni bakuli lililokwisha. Siku moja alipaliwa hadi midomo ikabadilika rangi, akanitazama kwa macho ya mtu anayeomba aachwe. Ndipo nikayakumbuka makala haya. Niliwahi kuyasahihisha kabla hajaugua, nikapanga nukta na mikato bila kusikia neno hata moja. Muuguzi anasema kwamba mwili unaoaga huacha kudai chakula, lakini anayeuguza bado ana kazi: kulowesha midomo kwa pamba, kumgeuza mgonjwa, kumshika mkono. Niliweka kijiko chini. Baba alimaliza siku zake bila kuniogopa. Kaka yangu anaamini nilimnyima, nami simlaumu. Soma makala haya kabla hujayahitaji. Mimi nilichelewa.”

Mhariri mkuu aliisoma aya hiyo amesimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Inakwenda hivyohivyo,” alisema. “Usiguse hata nukta.”

Wasomaji waliyafungua makala ya muuguzi kwa wingi ambao ofisi haikuutarajia. Wengine waliandika kushukuru, wengine kulia tu. Mama Nukta alifurahi kwa ajili yao, lakini kila simu ilipoita aliidaka, na kila mara hakuwa kaka.

Alasiri moja ngazi zililia kwa hatua nzito. Kaka yake akasimama mlangoni na ovaroli la gereji, kofia mkononi, kama mteja asiyejua pa kuanzia.

“Wifi yako alinisomea ulichoandika,” alisema. “Nikamwambia anisomee na ya huyo muuguzi. Yote.”

“Kaka, nisamehe kwa kuyaanika ya nyumbani...”

“Ngoja nimalize, mdogo wangu. Ile jioni, ulipotoka kwenda kuchota maji, nilichukua lile bakuli. Nilimlisha mimi.” Akaikunja kofia. “Akapaliwa. Akanitazama vilevile ulivyoandika. Nikazidi kukulaumu wewe ili nisiyaone yale macho.”

Mama Nukta aliinuka, akamshika kaka yake mikono yote miwili, oili na yote, na wakalia bila kuona haya mbele ya ofisi nzima. Mhariri mkuu akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Walipotulia, kaka alijifuta uso kwa kofia.

“Pale gereji kuna mwenzangu anamuuguza mama yake. Leo asubuhi nimempa makala hayo, nikamsihi ayasome kabla ya kurudi nyumbani. Akaniuliza, ‘Wewe fundi, umejuaje kama ni mazuri?’”

“Ukamwambiaje?”

“Nikamwambia, asifuye mvua imemnyea.”