Kalibu Iliyochukuliwa kwa Aliyelala

Mtu mmoja alikuwa na tanuri la matofali huko milimani kwenye mvua nyingi. Jina lake Mzee Anyosisye. Kwake kulikuwa na desturi, na aliianzisha mwenyewe. Kila fundi alipoanza kazi alikabidhiwa kalibu, lile boksi la mbao la kufyatulia tofali, mkono kwa mkono, wote wawili wamesimama. Siku ya kuachana ilirudishwa vivyo hivyo, wamesimama, kisha fundi alibaki kazini mwezi mzima ajipange. Kwa nini wasimame? Ili watazamane machoni.

Fundi Lusekelo alianza naye tangu pale palipokuwa bonde la tope tu. Mwaka mmoja kifua kilimshika, akalala hajitambui. Mkewe alipeleka taarifa asubuhi ileile, akaambiwa poleni. Lakini kazi ilikuwa nyingi na jua lenyewe la kuazima, basi Mzee akatuma mtu akaivute kalibu chini ya kitanda cha mgonjwa. Mama wa watu akaambiwa mwezi wa mumewe wa kujipanga umeanza kuhesabiwa. Jamani, mtu anahesabiwa mwezi naye hajui hata jina lake.

Lusekelo alipoinuka, mwezi ulikuwa umekwisha na kalibu iko mikononi mwa mwingine. Akasema hajaachishwa kazi, maana hakuambiwa akiwa amesimama. Mzee akasema kalibu ilishatoka, yamekwisha. Wenzake walitazama chini, kila mmoja akiogopea ugali wake. Lusekelo hakugombana. Akawa anakuja kila asubuhi, anasimama uwanjani mikono mitupu, na jioni anarudi kwa mkewe bila kitu.

Haukupita muda, kifua kikamshika Mzee mwenyewe, na tanuri lilikuwa limewashwa jana yake. Mali yake yote ilikuwa humo ndani. Moto ukifa kabla matofali hayajaiva, mvua inayala yote. Sasa sikilizeni. Mafundi walikwenda mmoja mmoja dirishani kwake, wakamuaga huku anaweweseka, wakaziacha kalibu mlangoni, wakaenda zao. Nani awalaumu? Ndivyo walivyofundishwa.

Akabaki yule asiye na kalibu. Alichochea kuni peke yake, akikohoa, mkewe akimletea uji pale pale penye moto. Hakutumwa na mtu.

Mzee alipotoka nje, akijishikilia ukutani, alikuta matofali yameiva mekundu, yakigongwa yanalia. Lusekelo alikuwa ameketi kando. Alingoja mpaka Mzee akauachia ukuta, ndipo naye akainuka, akavua kofia.

"Mzee, sasa umesimama. Nimekuja kuaga, mwezi wangu uanze leo."

Mzee akamsogelea hatua moja. Akamtazama machoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kalibu ile ilipovutwa chini ya kitanda, na machozi yakamtoka mbele ya mfanyakazi wake.

Enyi mlioajiri, nanyi mlioajiriwa, niambieni: siku ile, mwenye tanuri alikuwa nani?