Kadi ya Mtumba na Ufunguo Mmoja

Hapo zamani, na asinikatize mtu kwamba zamani hapakuwa na kompyuta, maana zamani yangu mimi ni ya mwaka juzi, walikuwepo ndugu watatu nje kidogo ya mji wa Tabora. Mkubwa aliitwa Shija, wa pili Nyamizi, wote wanawake. Kitinda mimba alikuwa Mhoja, mwanamume. Walifanya kazi katika shamba la tumbaku la mjomba wao, na walikuwa wamelichoka kupita kiasi.

Shija alichambua majani na kuyapanga kwa madaraja. Nyamizi alilinda moto wa bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, usizidi wala usififie. Mhoja aliendesha trekta, na akirudi nyumbani aliendesha magari ya kwenye gemu, katika kompyuta kuukuu waliyoachiwa na marehemu baba yao.

Mjini alikuwepo Bi Mwasiti, mwenye duka la kompyuta na ukumbi wa gemu. Siku moja akatangaza mbio za magari kwenye skrini. Watu waje na kompyuta zao washindane na dereva wake. Kompyuta itakayomshinda, mwenyewe atapewa ufunguo wa ukumbi na kuusimamia kama mbia.

Kompyuta ya ndugu hawa haikuwa na kadi ya michoro, ile inayochora picha za gemu upesi upesi. Wakabeba malipo ya msimu mzima wakaenda dukani. Bi Mwasiti akawawekea mezani kadi kubwa yenye feni tatu.

"Hii ndiyo baba lao," akasema. "Dereva wangu anatumia hii hii."

Shija akauliza bei, akaguna, akaonyesha kadi ndogo iliyokaa rafu ya chini.

"Hiyo ni mtumba, mwanangu. Utakuja kulia."

Shija akaichukua. Akaigeuza, akaitazama skrubu, akainusa kama imewahi kuungua, vile vile anavyokagua jani la tumbaku. "Kubwa inaizidi hii nguvu mara moja na nusu," akasema, "lakini bei inaizidi mara tatu. Hiyo bei ya ziada inanunua nini?"

"Inanunua heshima."

"Heshima tunayo, Bi Mwasiti. Nifungie ndogo."

Watu dukani wakacheka. Shija hakugeuka kuwatazama.

Siku mbili kadi ilifanya kazi vizuri. Siku ya tatu Mhoja akiwa kwenye kona, kompyuta ikazima. Kumbe mama yao, kwa mapenzi yake, alikuwa ameifunika kitambaa cha kudarizi kama anavyofunika redio na televisheni, kikaziba matundu yote ya hewa.

"Kitu cha thamani hakiachwi uchi," mama akasema, na hakuna aliyethubutu kumbishia ila Nyamizi.

"Shikamoo yako ipo pale pale, mama, lakini hii ni bani. Ukiziba matundu, kilichomo kinaungua."

Akakiondoa kitambaa. Akakata ubavu wa kompyuta kwa mkasi wa bati, akafunga feni aliyoinunua kwa hela iliyobaki baada ya kununua kadi, kisha akaipunguzia kadi nguvu ili isichemke. Mhoja akawaka.

"Dada, umenikata miguu."

"Nimekuachia pumzi. Nguvu hiyo usiiguse."

Siku ya mbio ikafika, saa nane mchana, ukumbini chini ya bati, jua la Tabora mnalijua. Mizunguko kumi. Washindani wengine waliachwa mapema, akabaki Mhoja na dereva wa Bi Mwasiti. Dereva akatangulia, akatangulia, akatangulia. Mzunguko wa saba kadi yake kubwa ikazidiwa na joto, ikajipunguza nguvu yenyewe, picha zikaanza kukwama. Mhoja akasogea, akasogea, akasogea. Lakini mzunguko wa mwisho bado alikuwa nyuma kwa urefu wa gari moja.

"Usiiguse," Nyamizi akamwambia.

Mhoja akaigusa. Akairudishia kadi nguvu zote, feni zikalia, ubavu wa kompyuta ukawa haushikiki. Haikuzima. Akampita dereva mstarini.

Bi Mwasiti akautoa ufunguo. "Nimeshindwa na sikatai. Lakini mbia nataka mmoja, kamati sifanyi nayo biashara. Aliyeishinda kadi yangu ajitokeze."

Wakajitokeza watatu.

"Ni mimi," akasema Shija. "Ningekusikiliza, tungenunua kubwa, tungekwama kama mlivyokwama, na hela ya feni isingekuwepo. Mlinicheka na sikurudi nyuma."

"Ni mimi," akasema Nyamizi. "Kadi ya dada ilizima siku ya tatu. Na huyu alipovunja neno langu, tundu nililokata ndilo lililomwokoa."

"Ni mimi," akasema Mhoja. "Kwa hesabu ya dada huyu na tahadhari ya dada yule, tulikuwa wa pili. Nilikaidi, tukawa wa kwanza."

"Na kama ingeungua?" Nyamizi akamuuliza.

"Haikuungua."

Hakuna aliyesema mpe mwenzangu, na mimi siwalaumu. Anayewalaumu akalale msimu mmoja kwenye moshi wa bani, kisha aje anifundishe upole. Wala msiniletee habari za kupokezana zamu, mwenye ukumbi amekwisha kataa.

Nje lori la mjomba la kurudi shambani limewashwa, na ndani yake kuna nafasi mbili. Haya, ninyi hodari wa kuamua ya wenzenu: ufunguo mngeuweka mkononi mwa nani, na ni wawili gani mngewatazama usoni mkiwaambia wapande?